Waliolala, Walioingia, Waliopo

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa kumi jioni, simu yangu ililia na sauti ya Baba ikasema, bila salamu, "Ripoti, afande."

Afande ni mimi. Binti wa pekee wa askari magereza mstaafu, karani wa ghala mjini Jinja, mwanamke wa miaka arobaini na moja aliyepanga vyumba viwili Mafubira. Sijawahi kuvaa sare maishani mwangu. Lakini Baba alivaa yake miaka thelathini na mitatu, na alipoivua hakujua tena kuzungumza na mtu bila kumpa cheo, basi hicho akanipa mimi.

Nami nilimsomea. Kompyuta ilikaa juu ya meza ya plastiki, programu imefunguliwa: mfuko umefika kiasi hiki, mwezi uliopita ulikuwa kiasi hiki, umepanda kwa asilimia hii. Kisha akauliza swali lake lilelile.

"Kuna walioingia?"

"Hakuna, Baba. Ni faida tu."

"Faida tu," alirudia, na nilimsikia akicheka chinichini. "Haya. Sawa, afande. Endelea na kazi."

Miaka miwili na ushee aliniuliza hivyo, na miaka miwili na ushee nikamjibu hivyo. Naandika haya nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikuulizwa.

"Walioingia" ni neno la jela. Nimekulia katika kota za magereza Mbale, nyumba za bati zilizopangwa mstari, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwa sababu karibu kila mama pale aliolewa na mtu wa kwingine. Baba alitoka kaskazini, Mama alikuwa Mgisu wa mlimani, na mimi nikatokea katikati na Kiswahili hiki ambacho watu wa Jinja wakikisikia hudhani nimekuja kukamata mtu. Asubuhi na jioni wafungwa walihesabiwa. Kitabuni kulikuwa na safu nne: waliolala, walioingia, waliotoka, waliopo. Unaanza na idadi ya waliolala, unaongeza walioingia kwa lango, unapunguza waliotoka, na kinachobaki lazima kilingane na vichwa vilivyochuchumaa mbele yako. Kisipolingana, hesabu imekataa, na hesabu ikikataa hakuna anayeenda nyumbani. Askari wote watasimama hapohapo uwanjani, hata kama zamu yao imekwisha, mpaka mtu apatikane au kosa lipatikane. Siku kama hizo Mama alifunika chakula cha Baba kwa sahani nyingine na kusema, "Hesabu imekataa," nasi tukala bila yeye.

Alipostaafu, yeye na Mama walihamia Namatala, mtaa wa hapohapo Mbale, vyumba viwili karibu na soko, ili Mama auze mchele na maharagwe mlangoni mwake. Kiinua mgongo kilipotoka kilikuwa kimeliwa na madeni ya ada zangu na mengineyo, zikabaki milioni sita. Baba alinikabidhi zote. "Wewe umesoma hesabu," alisema. "Shika."

Nilizigawa. Nusu niliziweka katika mfuko wa pamoja, ule ambao watu wengi wanachangia na wasimamizi wananunua hati za serikali, kila mtu anapata kulingana na alichoweka. Nusu ya pili niliipeleka kwa kampuni moja ya kuku wa mayai yenye ofisi ya viti vya ngozi. Unanunua kuku, wao wanakufugia, mwisho wa mwezi unalipwa pesa ya mayai. Nililipwa miezi miwili. Jumatatu moja nilikwenda nikakuta bango halipo, viti havipo, hata soketi za ukutani wameng'oa. Banange, jamani! Mtu mzima, na cheti cha uhasibu, ninasimama ndani ya chumba kitupu nikitafuta kuku.

Nilimpigia Baba nikamwambia. Nilitaka anitukane, na ningelala vizuri kama angenitukana. Akasema tu, "Basi hao wametoroka. Andika waliotoroka, milioni tatu. Tuendelee."

Mwezi uliofuata Mama akaanguka mlangoni, kwenye mchele wake, na hakuamka. Nilisimamia msiba wote. Nilihesabu viti vya kukodi, masufuria, magunia ya mkaa, nikahesabu na waliokuja. Sikulia. Watu waliniambia mimi ni jasiri. Ujasiri gani? Sikuwa nasikia kitu. Umewahi kuulalia mkono wako usiku kucha, ukaamka ukaushika ukadhani ni wa mtu mwingine? Nilikuwa hivyo mwili mzima, na sikuona haja ya kumwambia mtu yeyote.

Mwaka huohuo daktari wa macho Mbale alimwambia Baba kwamba ana presha ya macho. Nilikuwepo. Alieleza polepole, kama anayesomea mtu hati ya mashtaka: ugonjwa huu hauumi, unakula uwezo wa kuona kuanzia pembeni kuja katikati, na kilicholiwa hakirudi. Kuna dawa ya matone, tone moja kila jicho kila jioni bila kukosa, elfu sitini kwa mwezi. Na kuna upasuaji, ambao hautarudisha kilichokwenda ila utazuia kisiendelee. Tulijumlisha upasuaji Kampala, macho yote mawili, nauli, malazi na dawa za baadaye. Ikatoka milioni sita.

Sihitaji kuwaambia nilifikiria nini. Nilifikiria kuku.

"Tutoe zile tatu," nikamwambia Baba tukiwa bado kwenye benchi la kliniki. "Tuanze na jicho moja."

"Hapana. Mimi sitaki mambo ya nusunusu. Dawa itashikilia hii macho. Mfuko ukijaa sita, tunaenda mara moja, yote mawili."

"Basi dawa nitanunua mimi."

"Dawa iko chini ya pensheni yangu. Mfuko uko chini yako. Usichanganye idara."

Hivyo ndivyo ilivyopangwa. Yeye matone, mimi mfuko, na kati yetu macho yake mawili.

Nilirudi Jinja nikatafuta programu ya kufuatilia uwekezaji. Niliapa sitadanganyika tena. Kuna moja ya bure, nikaipakua, nikaingiza mfuko wa Baba na hisa zangu chache mwenyewe nilizonunua zamani kwa kufuata mkumbo. Mfuko ukapata mstari wa kijani, hisa zangu mstari mwekundu. Mwisho wa kila mwezi nilibonyeza namba fupi kwenye simu, salio la mfuko likaja kwa ujumbe, nami nikaliandika kwenye programu. Programu ikachora, ikapiga asilimia ya mwezi, ya mwaka, ya tangu mwanzo.

Sasa hapa ndipo penye kosa, na nitalieleza wazi kwa kuwa ni la kijinga. Programu ile ina vitufe viwili. Kimoja kinasema badilisha thamani, cha pili kinasema ongeza muamala. Ukitia pesa mpya mfukoni, unatumia kile cha pili, ili programu ijue kwamba ongezeko hili limetoka mfukoni mwa mtu na si faida. Ukitumia cha kwanza peke yake, programu inaamini kila shilingi iliyoongezeka imezaliwa humohumo. Mimi nilitumia cha kwanza peke yake. Mbona nisitumie? Sikuwa nimetia kitu. Na hayo ndiyo mazoea yangu ya kazi: ghalani kwetu, mwenye duka ndiye aliyeshika kitabu cha mizigo inayoingia, hakumwachia mtu. Mimi miaka tisa kazi yangu ilikuwa kupita kwenye rafu mwisho wa mwezi na kuandika kilichopo.

Wenye mfuko walinitumia taarifa kila mwezi kwa barua-pepe, faili limefungwa kwa neno la siri. Sikufungua hata moja. Salio nilikuwa nalo. La nini kingine?

Mwezi wa kwanza mfuko ulipanda elfu ishirini na tano. Nilimsomea Baba, na sijui ilitoka wapi, nikacheka. Kicheko kifupi tu, cha mtu aliyeona pesa zake zimekaa pale alipoziacha, hazikukimbia na viti. Baba akasema, "Eh!" Kisha akaniambia nisome tena.

Mwezi wa pili ukapanda elfu themanini na tano. Nilipiga kelele. Wa tatu vilevile, na zaidi kidogo. Nikaanza kungoja mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote niliamka, nikaoga, nikahesabu mafuta ya kupikia na sabuni, nikala nilichokipata, nikalala. Siku ile ya programu nilikuwa mtu. Niliutazama mstari wa kijani ukipanda ngazi yake na nikasikia kitu kifuani, kidogo, lakini nilikisikia. Programu iliniambia mfuko unakua kwa asilimia thelathini na moja kwa mwaka. Mfuko wenyewe ulikuwa ukitangaza kumi, imeandikwa kwenye bango lao barabarani. Mtu yeyote wa hesabu angeshtuka. Mimi nilikuwa nimechoka kushtuka, na mstari ulikuwa mzuri.

Nilikwenda Mbale mara chache. Pasaka, Krismasi, kumbukumbu ya Mama. Baba alikonda, nikasema ni uzee. Alimimina chai nje ya kikombe, nikasema ni uzee. Alianza kugeuza shingo yote ili amtazame mtu, kama kuku anavyotazama punje, nikaliona hilo na nikaliacha. Chupa ya matone ilikuwa dirishani kila nilipokwenda. Niliuliza, "Dawa unaweka?" Akaonyesha chupa kwa kidole. Mimi, mhesabu wa ghala, niliona chupa ipo, nikaandika ipo.

Aliyenifumbua macho ni Hajati, mwenye duka. Mama mmoja mnene, mkali, mwenye huruma anazoficha, anayeuza mafuta, sukari na sabuni kwa jumla katika barabara kuu ya Jinja tangu sijazaliwa. Riba hagusi. Alishaniambia mara nyingi kwamba na huo mfuko wangu najipalia makaa. Lakini tarakimu anazipenda, na siku hiyo ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana, tumemaliza nusu ya ghala, aliketi juu ya gunia akipepea uso na kusema, "Hebu nionyeshe hilo dude lako linalokuchekesha peke yako."

Nilimwonyesha. Niseme kweli, nilikuwa najidai.

"Hii nyekundu?"

"Hisa zangu."

"Inapanda, inashuka. Sawa, ndiyo biashara. Na hii kijani?"

"Mfuko wa Baba. Kwa ajili ya macho yake. Umebakiza laki sita tu, Hajati, tumpeleke."

Alisogeza uso kwenye kioo. Alifuata mstari kwa ukucha wenye hina, ngazi baada ya ngazi. "Mbona haishuki?"

"Ni mfuko mzuri."

"Mzuri! Mimi sokoni nimezeekea. Sukari hushuka, sabuni hushuka, watu wenyewe hushuka. Hii inapanda kipande kilekile kila mwezi. Wallahi hii si faida. Faida haina adabu hivyo. Hii ni mtu anapokea mshahara, anakuletea." Akanitazama. "Kitabu cha inayoingia kiko wapi?"

"Sina."

"Huna?"

"Sikuweka kitu, Hajati. Kwa nini niwe na kitabu?"

"Miaka tisa uko kwangu, unaniona na kile kitabu kama msahafu, halafu huna kitabu cha inayoingia. Hebu niondokee. Nenda kafungue makaratasi yao."

Nilifungua palepale, kwenye meza ya kaunta, taarifa moja baada ya nyingine, miezi yote ambayo sikuwa nimeifungua. Kila taarifa ilikuwa na mistari miwili. Mmoja ulikuwa faida, ndogo, kama walivyoahidi kwenye bango. Wa pili ulisema pesa ya simu, elfu sitini, na namba iliyotuma. Namba ya Baba naijua kuliko yangu. Elfu sitini, tarehe tatu, siku inayofuata pensheni. Elfu sitini, tarehe tatu. Mara ishirini na sita.

Elfu sitini ilikuwa bei ya matone.

Hajati alisema kitu, pengine Mtume, pengine jina langu. Nilifunga kompyuta. Nilirudi ghalani nikamaliza kuhesabu sabuni. Katoni mia moja na kumi na mbili, na moja iliyolowa. Niliandika. Sikulia, na Hajati alisimama mlangoni akinitazama nikihesabu, hakuniambia niache.

Kesho yake kabla ya saa nne nilikuwa Namatala, zile taarifa nimezichapa, nimezishika mkononi. Baba alikuwa nje kwenye benchi lake, jua usoni, shati limefungwa vifungo mpaka juu. Nilisimama upande wake wa kulia, hatua mbili. Hakugeuka.

"Baba."

Aligeuza shingo yote. "Eh! Afande. Leo si Jumapili."

"Lete chupa ya dawa."

Hakuuliza kwa nini. Aliingia ndani akipapasa mlango kwa bega, akaileta. Ilikuwa kavu. Karatasi yake ilikuwa imepaukia dirishani mpaka maandishi yametoka. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonitia hasira, ile karatasi iliyopauka. Nilimfokea. Nilimfokea baba yangu mbele ya wanawake waliokuwa wakichambua maharagwe, kwa maneno ambayo siyaandiki hapa, na wale wanawake wakainamisha vichwa juu ya ungo. Aliningoja nimalize kama alivyokuwa akiwangoja wafungwa.

"Uliacha lini?" nikauliza mwishoni.

"Unajua lini. Umekuja na karatasi."

"Kwa nini, Baba?"

Alikaa. Aliweka mikono juu ya magoti. "Tangu mama yako, wewe ukapotea. Unapiga simu, unaongea kama karani wa korti. Mimi nikasema, huyu naye ametoroka. Halafu ile siku ukasema mfuko umepanda elfu ishirini na tano, ukacheka. Mimi nilikuwa sijasikia hiyo sauti mwaka nzima. Nikasema, basi ipande."

"Kwa macho yako?"

"Macho haikuwa inauma. Na pesa ilikuwa ni ya macho, si ndiyo? Inaenda palepale. Nikasema tutafika haraka. Na mimi nilikuuliza. Kila mwezi nilikuuliza kama kuna walioingia. Nikasema siku afande ataona, nitaacha. Nilikuwa nangoja unikague."

Hakusema kwa lawama. Afadhali angelaumu. Aliyasema kama anavyotoa taarifa ya zamu.

Tulikwenda kliniki asubuhi hiyohiyo. Muuguzi alimwekea kidevu kwenye mashine, akamwambia atazame taa, kisha akanigeukia mimi na fomu. "Dawa ameacha tangu lini?" Huwa watu hukisia hapo, husema miezi kadhaa, husema sikumbuki vizuri. Mimi nilikuwa na tarehe, na saa, na dakika, zimechapwa. Nikampa karatasi. Aliisoma akaniangalia, akafikiri labda nimekosea fomu.

Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilikuwa limebaki katikati tu. Daktari alisema likipasuliwa mapema hicho kilichobaki kitashikiliwa. Alisema pia, bila kukusudia ubaya wowote, kwamba mtu akifuata matone kama alivyoandikiwa, kwa kawaida hafiki hapa.

Nilitoa pesa. Hatukungoja sita ijae. Jicho moja lilitugharimu kama nusu ya mfuko na kidogo juu, na lile lingine halikuhitaji tena kitu. Wiki mbili nilikaa na Baba Kampala nikimwekea matone mwenyewe, tone moja kila jioni, nikishika kope lake kwa kidole gumba. Alikuwa akisema, "Imeingia," kila lilipoingia, nami nikajibu, "Imeingia." Hatukuzungumza sana. Hajati alinilipa mshahara wa siku hizo zote, na nilipomshukuru akaniambia nisimharibie asubuhi.

Niliporudi Mafubira niliirekebisha programu. Ilinichukua Jumamosi nzima. Nilirudi mwanzo kabisa, nikaongeza miamala mmoja mmoja: tarehe tatu, ameweka elfu sitini, hifadhi. Kila nilipohifadhi, asilimia ya faida ilishuka. Thelathini na moja. Thelathini. Ishirini na nane. Niliendelea. Ilipofika kumi ikasimama, na pembeni, katika kisanduku ambacho zamani kilikuwa na sifuri, pakatokea jumla ya kilichowekwa: milioni moja, laki tano na elfu sitini. Programu ikachora mstari mpya wa faida peke yake, chini, karibu umelala. Kati ya mstari ule wa zamani na huu mpya kulikuwa na nafasi, na niliitazama kwa muda mrefu. Ile furaha yangu yote ya miaka miwili ilikuwa mle. Ilikuwa imelipiwa na mtu, kila mwezi, kwa simu, na mimi nikaiita faida.

Hapo pia sikulia. Nilikunja nguo.

Siku hizi ripoti sipigi kwa simu. Jumapili ya kwanza nakwenda Namatala mwenyewe, na kompyuta begani, ingawa yeye kioo hakisomi tena. Hataki kuhamia kwangu. Anasema Jinja hakuna mtu anayejua Kiswahili cha kazi. Nimemwajiri mwanamke mmoja wa jirani ampikie, na matone nanunua mimi, tumevunja idara. Muuguzi wa kliniki anakuja kumwona, na chupa tupu naziomba nizihesabu.

Jumapili iliyopita alikuwa benchini, amenyoa ndevu, ana mkwaruzo kidevuni alikokosa. Nilibaki nimesimama mbele yake kama anavyotaka nisimame.

"Ripoti, afande."

"Waliolala, milioni mbili na laki nne," nikasoma. "Walioingia, faida ya mwezi, elfu ishirini. Walioingia, kutoka kwangu, elfu hamsini. Kutoka kwako, hakuna."

"Hakuna," alikubali.

"Waliotoka, elfu sitini, dawa. Waliopo, milioni mbili, laki nne na elfu kumi."

Alijumlisha kichwani, midomo ikicheza. "Sawa," akasema. Kisha akaweka mikono juu ya magoti, akanyoosha mgongo. "Na mimi nina ripoti."

"Toa."

"Macho. Waliolala, wawili. Walioingia, hakuna. Aliyetoka, mmoja. Aliyepo, mmoja." Aliinua uso kwenye jua, lile jicho lililobaki likinitafuta. "Hesabu sawa, afande?"

Ilikuwa mzaha. Alikuwa ameuandaa, pengine wiki nzima, ili nicheke. Nilijua ninapaswa kucheka. Badala yake ule mkono wangu uliolala miaka yote ile ukaanza kuuma wote kwa pamoja, kama unavyouma damu inaporudi. Niliumia, jamani. Niliumia nikasimama pale na kompyuta mikononi na machozi yakishuka mpaka shingoni, wanawake wa maharagwe wakitazama.

"Si sawa, Baba," nikasema.

Alisikiliza. Alikuwa amesikia, si maneno tu. Kisha akaitikia kwa kichwa, polepole, kama askari aliyeambiwa zamu haijaisha.

"Kama si sawa," akasema, "basi hakuna anayeenda nyumbani."

Akasogea kwenye benchi, akanipisha upande wake wa kushoto, ule ambako bado ananiona.